Mtoto si mzigo wa keria

NYAMIGOGO, kama ilivyo kwa vijiji vingi vya Biharamulo na Ngara, baiskeli ndiyo gari la familia. Hubeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji, magunia ya mkaa na mara nyingi mtoto anayepelekwa zahanati. Kuwaambia watu waache kubeba ni kupoteza muda. Tuzungumzie namna ya kubeba.

Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji. Madumu manne ni kilo 80, sawa na mtu mzima. Uzito huo ukikaa wote juu na nyuma, usukani hucheza na breki huchelewa kushika. Mzigo ukae chini, ulingane pande zote mbili na ufungwe kwa mpira usiolegea. Kwenye mteremko mkali, shuka uikokote.

Hatari kubwa zaidi ni kwa mtoto anayekaa kwenye keria miguu ikining'inia. Kisigino huingia kwenye spoku na kusagwa dhidi ya fremu. Jeraha hili hudanganya: leo ni mchubuko tu, lakini baada ya siku chache ngozi yaweza kuwa nyeusi na kufa. Pengine hata mfupa umevunjika.

Likitokea, simama. Usivute mguu kwa nguvu; rudisha gurudumu nyuma taratibu au kata spoku. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, na asikanyagie mguu huo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na kadi yake ya kliniki, ili chanjo ya pepopunda iangaliwe. Usipake majivu wala dawa ya meno. Baada ya siku mbili akaguliwe tena, hata kama ameacha kulia.

Kinga ni rahisi. Fundi anaweza kukata plastiki ngumu ya dumu kuukuu, aifunge imara kwenye fremu pande zote mbili za gurudumu, kisha aweke pa kukanyagia. Na mtoto asipandishwe juu ya mzigo: kama mzigo ni lazima, mama ambebe mgongoni kwa mbeleko, baba akokote baiskeli.

Nasi wahudumu wa afya, siku ya kliniki tusiishie kwenye mizani. Tumuulize mzazi: mmekuja na nini, na miguu ya mtoto ilikaa wapi?