Mwalimu wa serikali na kitenge cha chama

Kila mara kampeni inapokaribia, swali hili linarudi katika makanisa yetu: mwalimu, muuguzi au karani anayelipwa na serikali ana ruhusa ya kuwa na chama? Wengi wanajibu haraka kwamba sheria inakataza. Sheria haisemi hivyo.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 193, inasema utawala wa serikali si wa kisiasa na hauna upendeleo, na mtu yeyote asiugeuze kwa faida yake au ya chama chake. Tusome vizuri. Kinachokatazwa ni kuigeuza ofisi, si kuwa na maoni. Kifungu cha 6 kinampa kila Mkongomani mwenye haki zake za kiraia na kisiasa nafasi ya kuingia katika chama anachopenda, na cha 36 kinakataza mtu kudhulumiwa kazini kwa ajili ya maoni yake. (Kwa askari na polisi mambo ni makali zaidi.) Mtumishi anayetaka kugombea, sheria ya uchaguzi inamtaka aombe kwanza kuiacha kazi kwa muda.

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa MPR, kila Mzaire alipohesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa na watumishi wakaimba na kucheza mbele ya wakubwa. Sheria hii ilipaswa kuwalinda watu kama hao. Lakini direkta anapowapanga walimu barabarani wampokee mkubwa wa chama, wamevaa kitenge alichowatumia, hakuna anayesema sheria imevunjwa. Mmoja wao akiandika neno la kulaumu katika WhatsApp, siku hiyo hiyo anakumbushwa kwamba yeye ni mtumishi wa serikali. Ni kweli, sheria ya uchaguzi inakataza kutumia mali, pesa na watumishi wa serikali katika kampeni. Nani atashitaki? Mwalimu ambaye jina lake katika orodha ya mshahara liko mikononi mwa yule yule?

Na tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa mwanzoni mwa 2025, jambo limekuwa zito zaidi: hata kufungua darasa asubuhi kunaweza kuhesabiwa kama kuchagua upande.

Sisi kama kanisa hatuwezi kusimama kando. Tangu mapatano ya 1977, serikali inalipa walimu wa shule zetu na sisi tunaziongoza. Direkta yule mara nyingi ni wetu, pengine ni shemasi. Adui za Danieli walichunguza kazi yake ya serikali, wakakosa kosa, ndipo wakatafuta sheria ya kumnasa. Hatupendi orodha ya kumnasa mwalimu iandikwe katika ofisi zetu.

Kwa hiyo tunaomba waongozi wa shule zetu wasiandike majina ya walimu waliokosa mkutano wa chama, chama chochote kile, na vitenge visigawanywe katika uwanja wa shule wala wa kanisa.