Twiga Ana Historia, Fundi Hana

Hiyo picha umeiona. Dirisha refu, meza ya kiamsha kinywa, na twiga ameingiza kichwa ndani kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Hapo ni Giraffe Manor, Lang'ata, hapa hapa Nairobi, na bei ya usiku mmoja inaweza kunilipia kodi ya nyumba miezi kadhaa. Nimeiona mara moja tu, nikiwa darasa la sita, tukiwa ziara ya shule pale Giraffe Centre jirani, mkono umejaa mate ya twiga. Mwalimu alisema ni nyumba ya Mzungu. Somo la historia likaishia hapo.

Hadithi yenyewe kwa kawaida huanza 1932. Sir David Duncan, Mskoti, alijenga jumba la mawe kwa mfano wa nyumba za wawindaji za kwao, kwenye ekari 150 zilizoteremka hadi mto Mbagathi. Baadaye likachakaa. Mwaka 1974 likanunuliwa na Jock Leslie-Melville, mjukuu wa lodi wa Scotland, na mkewe Betty, Mmarekani. Wakamleta mtoto wa twiga, wakamwita Daisy. Jock akafariki 1984, Betty akageuza nyumba kuwa hoteli. Daisy ana kitabu. Daisy ana filamu.

Sasa nitajie fundi mmoja aliyechonga yale mawe. Mmoja tu.

Ati Duncan "alijenga". Landilodi wangu pia "amejenga" ploti Kayole na sijawahi kumwona na mwiko. Na usiniambie majina yalipotea kwa sababu watu wetu hawakuandika. Miaka hiyo, mwanamume Mwafrika aliyetaka kazi alibeba kipande, kwenye kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Waliandikwa kuliko sisi na hizi simu zetu. Majina yalikuwepo. Hakuna aliyeona yana maana kwenye hadithi ya nyumba.

Halafu hiyo 1932 yenyewe ni ujanja. Kuanza hapo ni kusema Lang'ata ilikuwa tupu ikimsubiri Duncan. Wamaasai walilisha ng'ombe pande hizi kabla ya Nairobi kuwa mji. Mkataba wa 1904 uliwatoa kwenye malisho bora ya Bonde la Ufa, ule wa 1911 ukawatoa Laikipia walikoambiwa wahamie. Walienda kortini. Mwaka 1913 korti ikawaambia huo ni mkataba kati ya mataifa mawili, kwa hivyo haina uwezo wa kuusikiliza. Yaani siku ya kunyang'anywa ardhi ndiyo ulikuwa taifa. Miaka miwili baadaye sheria ikawaruhusu walowezi kukodishiwa mashamba miaka 999. Hesabu mwenyewe hiyo inaisha lini.

Betty nampa heshima yake. Twiga wa Rothschild (hata mnyama alipewa jina la tajiri wa Uingereza) walikuwa wamebaki wachache sana, kwenye ranchi ya ekari 18,000 kule Soy, karibu na Eldoret, na yeye na mumewe walisaidia kuwaokoa. Lakini sikiliza vile hiyo sehemu husimuliwa: ranchi inagawiwa watu wasio na ardhi, twiga wako hatarini. Maskini anaingia kwenye hadithi mara moja, kama tishio, kisha anatoka. Hakuna anayeuliza ilikuwaje ekari 18,000 zikawa za ranchi moja na wengine hawana pa kupanda sukuma.

Najua jibu lenu: buda, acha chuki, hoteli zinaajiri watu. Sawa, ziajiri. Sijasema zifungwe. Nasema hoteli yoyote inayouza historia iuze yote, kuanzia kwa wenye ardhi hadi kwa aliyebeba mawe, ukutani hapo hapo kando ya picha za mabwana na mbwa wao.

Na mimi pia simo msafi. Mwaka jana hoteli nyingine ya aina hii, siitaji, ilinipa kazi ya kuandika "Historia Yetu". Niliacha chuo mwaka wa tatu juu ya karo, hizi kazi ndizo unga wangu. Nikaongea na mzee wa bustani. Babake alikuwa mpishi wa jumba hilo miaka mingi, akilala kibanda cha nyuma ambacho sasa ni stoo ya viti vya bwawa. Mzee akanitamkia jina kamili la babake, polepole, akingoja nimalize kuandika. Hapa silitaji kwa sababu bado anafanya kazi pale.

Niliandika sentensi mbili. Meneja akazikata: wageni wanakuja kupumzika, akasema. Nikazitoa, nikalipwa kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo.

Mzee amenipigia mara mbili kuuliza kama jina limetoka. Mara ya pili sikushika.