Mfungo, Maradhi na Kazi ya Reli



Kila Ramadhani twaona jambo lile lile katika magenge ya njia, baina ya Mazeras na Mariakani. Mtu ana maradhi ya sukari, daktari amemkataza kufunga, naye afunga kwa kuwaonea haya wenzake. Haya hiyo ni ya hatari, wala dini haikuileta.

Sisi tulisoma shule za misheni, hatujifanyi mashekhe. Lakini twajua kwamba Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, imemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa hulisha maskini. Kanisa Katoliki nalo halimlazimishi mgonjwa mfungo wa Kwaresima. (Machi 2025 mifungo yote miwili ilianza katika juma moja, genge zima likawa na njaa.) Basi anayemcheka mwenzake mgonjwa kwa kunywa maji adhuhuri amejifanya mkali kuliko dini yenyewe.

Hapa kwetu, karibu na ikweta, mfungo ni kama saa 13 au 14. Si mrefu, lakini jua la Machi lakaanga, na kazi ni kubeba mataruma na kushindilia kokoto. Mwenye kudungwa insulini, au kumeza vidonge vinavyousukuma mwili kuitoa, dawa yake hufanya kazi hata tumbo likiwa tupu. Sukari hushuka: jasho baridi, mikono yatetemeka, maneno yachanganyika, kisha azimia. Akizimia juu ya njia, gari moshi halimngoji. Wengine huacha dawa kwa shauri lao wenyewe. Hao sukari hupanda, na damu huweza kujaa asidi. Tena jioni waja kwenye tende na kaimati za shira bila hesabu! Madaktari husema, kipimo kikiwa chini ya 3.9 au kikipita 16.6, fungua papo hapo. Na mashekhe wengi husema kujitoboa kidole kwa kupima hakuharibu saumu.

Wenye selimundu pia, nao si wachache katika Kilifi yetu. Maji yakipungua mwilini, seli za damu hukwama katika mishipa na maumivu yake hayasimuliki. Mwenye figo mbovu naye, na mama mjamzito nyumbani, wasifunge bila kumwuliza daktari.

Tangu 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 Shakahola, bara ya Malindi, wako wasemao kila mfungo ni wazimu. Hatukubali. Mashtaka yaliyopelekwa mahakamani ni kwamba watu walihimizwa wajinyime chakula hadi kufa. Mfungo wa dini una saa yake ya kufuturu, na una ruhusa kwa mgonjwa. Tusichanganye mambo.

Sasa kwa wakubwa wa kazi. Mkubwa mmoja alimwambia mwenzetu mwenye sukari, "Kama huwezi, kaa nyumbani," yaani bila mshahara. Ndiyo maana watu huficha maradhi yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa hali ya afya yake, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa kazini. Hatuombi zawadi. Twataka kazi nzito ya njia ianze alfajiri na iishe kabla ya jua kali mwezi wote wa Ramadhani, maji yawe karibu na kila genge, na mwenye cheti cha daktari apewe kazi nyepesi kwa mshahara ule ule.

Wajumbe wa matawi wayapeleke maneno haya mapema, Shaabani isianze kabla hayajafika. Na wenye maradhi waende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, yaani ndani ya Rajabu, ili dawa ipangwe upya au wakatazwe waziwazi. Atakayekatazwa kazi kwa sababu ya kwenda huko, alete habari kwa mjumbe wake siku ile ile.