Sweta na kiu darasani

Kila Februari, joto linapozidi hapa Mombasa, huletewa watoto wa shule wamelegea, vichwa vyawauma, midomo imekauka. Wazazi hudhani ni malaria. Damu ipimwe, naam. Lakini wengi, ukiwauliza, hawajanywa maji tangu asubuhi: mwalimu hataki chupa darasani, na sweta ni lazima. Sweta, kwenye joto la nyuzi 33! Hiyo ni nguo ya Nairobi mwezi wa Julai.

Walimu wakuu, amri hizi mwaweza kuzifuta leo. Riadha nazo zimalizwe kabla ya saa nne asubuhi. Mtoto akiweweseka au akizirai juani, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, kisha hospitalini mbio. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.