Mpiga Zumari, Tunza Meno Yako



Mkulima hutunza jembe lake. Mpiga zumari naye ana jembe lake. Jembe hilo ni meno na midomo.

Tazama jinsi zumari inavyopigwa. Mpigaji hutia ulimi wa zumari kinywani. Hukaza midomo kwenye kisahani. Hujaza pumzi mashavuni, huku akivuta pumzi nyingine kwa pua, ili sauti isikatike. Mpiga tarumbeta naye hubana midomo yake kwenye chuma. Meno ya mbele ndiyo yanayoegemeza midomo. Meno yakilegea au yakitoka, midomo hubonyea. Pumzi huvuja pembeni na sauti huharibika.

Meno huharibikaje? Umeona punje ya hindi iliyoingiwa na dumuzi. Nje kuna tundu dogo, ndani ni unga mtupu. Jino nalo huoza hivyo. Lakini ndani ya jino hakuna dumuzi. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula sukari iliyobaki kinywani, kisha hutoa ukali unaotoboa jino.

Basi fanya hivi:

1. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi ni bora.

2. Punguza vitu vitamu. Acha tumbaku, kwa sababu huharibu ufizi.

3. Jino likiuma, usitie maji ya betri wala usiweke aspirini kwenye ufizi. Vitu hivyo huunguza. Nenda kwa daktari wa meno mapema. Jino lenye tundu dogo huweza kuzibwa, lising'olewe.

4. Shavu likivimba, usipulize zumari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usaha wa jino huweza kuenea shingoni na kuua. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni hatari kubwa.

5. Ukiisha kung'olewa jino, damu huganda katika shimo. Damu hiyo ndiyo kifuniko cha kidonda. Ukipuliza kwa nguvu, kifuniko hutoka na maumivu makali huanza. Siku ya kwanza usisukutue. Kuanzia siku ya pili, sukutua polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Usipulize kwa wiki moja au mbili. Mwambie daktari kuwa wewe ni mpiga zumari, akupe siku ya kuanza.

Je, meno yako ya mbele yamekwisha toka? Usitupe zumari. Muulize daktari habari za meno ya bandia. Ukiyapata, anza kujifunza upya, kidogo kidogo kila siku.

Watu wa harusi watakusihi upige hata kama shavu limevimba. Kataa. Mwachie mwanafunzi wako apige siku hiyo. Harusi nyingine itakuja, lakini jino la mtu mzima likitoka halioti tena.