Afya ya Familia: Tumbo Dogo Mbele ya Chungu Kikubwa

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo miaka 20 iliyopita tusingetarajia kuulizwa huku kwetu: mtu aliyepasuliwa ili apunguze unene, akirudi nyumbani apikiwe nini? Siku hizi huduma hiyo inapatikana hapa hapa nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni na kuwafanyia upasuaji wa kupunguza uzito. Kwa hiyo wagonjwa wa namna hii watarudi hata vijijini mwetu, nasi ndio tutakaowapikia.

Tuanze na kisa ambacho mwenyewe ameturuhusu kukisimulia, ila jina tumeliacha.

Mama huyu ni mkazi wa Ruangwa, mfanyabiashara wa ufuta. Alikuwa na kilo 121, kisukari, na magoti yaliyokataa kupanda ngazi za kanisa. Alikwenda Dar es Salaam, akapasuliwa na kupunguzwa mfuko wa chakula. Akakaa wiki nne kwa mdogo wake, akinywa uji na supu kwa kijiko kama alivyoelekezwa, kisha akapanda basi kurudi kwao.

Nyumbani ndiko taabu ilikoanzia. Kwetu kusini mwili mnene ni ushahidi kwamba mtu anatunzwa, na mtu akikonda haraka majirani hawaulizi; wamekwisha kumtangazia Ukimwi. Mama yake mzazi, kwa uchungu, akawa anamsongea bada asubuhi na jioni. "Mwanangu, jitahidi hata matonge matatu, watu wanasema." Naye kwa kumheshimu mama yake alimeza. Kila alichomeza kilirudi.

Sisi akina mama wa kanisa tulikwenda kumjulia hali wiki ya saba. Tulibeba kuku, unga na soda, kama ilivyo desturi. Hatufichi: sisi wenyewe tulimtengea sahani iliyojaa na kumhimiza ale apate nguvu. Alipotoka nje mara ya pili kutapika, ndipo tulipokumbuka kwamba sisi ni wauguzi kabla ya kuwa wageni. Tukamwuliza ametapika tangu lini.

"Wiki ya tatu hii, dada. Nilidhani ndiyo kawaida ya operesheni."

Na miguu je? "Inakufa ganzi. Na tangu juzi naona watu wawili wawili."

Usiku ule ule tulitafuta gari la kumpeleka hospitali. Karatasi aliyopewa alipotoka wodini ilikuwa chini ya begi, imeandikwa Kiingereza, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuisoma. Mwishoni ilikuwa na namba ya simu. Daktari alipopokea, neno lake la kwanza lilikuwa hili: apewe vitamini B1 kwa sindano, na asitundikiwe dripu yenye sukari kabla ya sindano hiyo.

Sababu yake ni kwamba mwili huweka akiba ya vitamini B1 ya wiki chache tu. Mtu akitapika mfululizo, akiba hiyo humalizika, na ubongo na mishipa ya fahamu huanza kuumia. Akipewa sukari wakati huo, mwili huila B1 kidogo iliyobaki, na hali huweza kuwa mbaya zaidi kwa ghafla. Wengine hubaki na ulemavu au kupoteza kumbukumbu. Mama yetu alipona. Macho yalitulia baada ya siku chache, lakini ganzi ya miguu ilichukua miezi.

Somo tulilolipata ni kwamba daktari hupasua mjini, lakini mgonjwa huponea jikoni kwake. Anayepika akiwa hajui maagizo, upendo wake huweza kumdhuru yule anayempenda.

Kimefanyika nini tumboni?

Katika aina moja ya upasuaji, zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula huondolewa, ukabaki mfano wa mrija wenye umbo la ndizi. Katika aina nyingine hutengenezwa kifuko kidogo sana, cha kutosha vijiko vichache, nacho huunganishwa na utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya zamani. Mtu wa aina hii ya pili hula kidogo, na hata hicho kidogo mwili hauchukui vitamini na madini yake yote.

Puto si upasuaji. Huingizwa kupitia kinywani, hujazwa maji, na kwa kawaida hukaa miezi 6, mengine mwaka. Kichefuchefu na kutapika siku chache za mwanzo ni jambo la kutazamiwa, mradi mgonjwa ashauriane na waliomwekea. Tarehe ya kulitoa isipitishwe, kwa sababu puto lililochakaa huweza kupasuka na kuziba utumbo.

Hatua za kula

Daktari aliyempasua ndiye mwenye neno la mwisho, lakini kwa kawaida hatua ni hizi. Siku za kwanza ni maji na supu iliyochujwa. Kisha kwa wiki moja au mbili ni vinywaji vizito: maziwa, mtindi usio na sukari, uji mwepesi uliochujwa. Baada ya hapo, mpaka karibu wiki ya nne, ni vyakula vilivyopondwa laini kama chakula cha mtoto anayeanza kula. Halafu vyakula vyororo hadi wiki ya sita au ya nane, ndipo vile vya kawaida vianze kuingia kimoja kimoja.

Chakula kiwekwe kwenye kisahani cha chai na kuliwa kwa kijiko cha chai. Kila kijiko kitafunwe mpaka kiwe uji, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Kifua kikianza kubana, aache hapo hapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Asinywe maji pamoja na chakula. Angoje nusu saa. Lakini katikati ya milo anywe mafunda madogo madogo mpaka afikishe karibu lita moja na nusu kwa siku, maana joto la Nachingwea hukausha mtu upesi.

Soda, pombe na chai ya sukari nyingi aviache. Kwa waliounganishwa utumbo, sukari hushuka ghafla, na mtu akatoka jasho, moyo ukamwenda mbio na tumbo likamharisha.

Vyakula vya kwetu

Wengi hudhani chakula cha mgonjwa huyu kinauzwa Dar es Salaam ndani ya makopo. Sivyo. Anachohitaji kwanza ni protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku, ili akonde mafuta badala ya kukonda misuli. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kikombe cha maziwa kina 8. Kunde, choroko na mbaazi, zote za mashamba yetu, zina zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100 zikiwa kavu. Dagaa wakavu wanazishinda zote. Wachambue vizuri, wakaange bila mafuta, watwange wawe unga, uchekeche, kisha utie kijiko kimoja katika uji au mlenda.

Muhogo, kwa upande wake, una protini kidogo mno. Bada ni chakula chetu na hatukitukani, lakini tonge lake huvimba na kunata, nalo hujaza kifuko kabla protini haijapata nafasi. Ming'oko ni vivyo hivyo. Basi kijiko cha kwanza kiwe cha kunde zilizopondwa, samaki au yai. Cha pili kiwe cha mboga. Tonge lije mwisho, tena baada ya daktari kuruhusu. Mlenda huteleza vizuri, ila peke yake haujengi mwili.

Korosho je? Zina protini, gramu 18 hivi kwa gramu 100, lakini mafuta yake ni mengi. Mwanzoni atie kidogo iliyosagwa kwenye mboga. Korosho nzima za kukaanga angoje, tena ahesabu, asile kwa konzi.

Vidonge na uzazi

Vitamini si za mwezi mmoja. Kwa aliyepasuliwa ni za maisha yote: mchanganyiko wa vitamini, madini ya chuma, kalsiamu pamoja na vitamini D, na B12, ambayo wengine hupewa kwa sindano. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja. Viachane saa mbili. Vidonge vya chuma visimezwe kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Aliyekuwa na kisukari au presha apimwe mara kwa mara, kwa sababu dozi ya zamani huweza kuwa kubwa mno kwake sasa na kumwangusha. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini asijinunulie dukani, maana huweza kumletea vidonda kwenye kifuko. Paracetamol ndiyo salama zaidi. Kwa walio katika umri wa kuzaa, mimba ingoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wakumbuke kwamba mwanamke aliyekuwa hashiki mimba kwa unene huweza kushika mapema akikonda, na kwamba vidonge vya kupanga uzazi huweza kukosa nguvu baada ya kuunganishwa utumbo. Afike kliniki yeye na mwenzake kupata ushauri mapema.

Nywele zikidondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, asitishike. Mara nyingi huota tena akila protini na kumeza vidonge vyake.

Usingoje kesho

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya: homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio akiwa amepumzika, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kinyesi cheusi kama lami, au kushindwa hata kumeza maji. Akitapika kila anachokula kwa siku nzima, usiseme ni kawaida ya operesheni. Na akisema miguu inakufa ganzi, anaona viwili viwili, anayumba au anachanganyikiwa, mwambieni mhudumu maneno haya: "Mgonjwa huyu alipasuliwa kupunguza uzito na amekuwa akitapika, tunaomba afikiriwe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari." Msione haya kumwambia mtaalamu. Hata sisi wauguzi tumekwisha kusahau.

Kabla mgonjwa hajatoka wodini, aombe maagizo yake kwa Kiswahili na namba ya simu ya daktari. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani jikoni, na anayesonga ugali asomewe, awe mama, wifi au msichana wa kazi.

Nasi wageni tubadili desturi kidogo. Badala ya kreti la soda, tumpelekee trei la mayai au kilo ya choroko. Msibani na harusini tumwache na kisahani chake, bila kumwuliza mbele za watu mbona amekonda. Mama yetu wa Ruangwa alituambia kwamba maneno hayo yalimwuma kuliko kisu, na kwa kuyakwepa ndiyo maana alimeza matonge.

Mnakumbuka kwamba Bwana Yesu alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula. Kupona na kula huenda pamoja. Basi tumpe mgonjwa wetu chakula, ila kiwe kile anachokiweza, kwa kipimo chake. Siku hizi mama mzazi wa rafiki yetu ndiye anayepima kunde kwa kijiko cha chai, na mwenyewe amerudi sokoni na ufuta wake.