Burberry walifanya vyema kurudi nyuma

Kazi yangu ni kuchora mabango ya maduka, na herufi nazitazama hadi kwenye ncha. Mwaka 2018 Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, kwenye jina lake iliacha herufi zake zenye vikia, ikaweka nene, zilizonyooka, bila pambo lolote. Kampuni nyingine za mitindo, Saint Laurent na Balenciaga, zilikwisha kupita njia hiyo. Yaweke majina hayo matatu pamoja uone: kama yametoka mkono mmoja! Wanasema herufi hizo husomeka vizuri kwenye simu. Sawa, lakini duka la tangu 1856 lina sura yake, na wateja wanaijua. Mwaka 2023 Burberry ilirudisha herufi nyembamba zenye madaha, pamoja na nembo yake ya askari wa farasi. Nilifurahi kweli.